Seli Iliyopiga Yowe

Umeniuliza tena leo, mama,
dripu ikidondoka kama bomba la Mburahati siku ya mgao:
"Hiyo dawa yenu inawauaje?"

Mimi ninayezika nyama za watu ndani ya nta,
nikazikata nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nikazipaka waridi na zambarau,
mwaka wa kumi na moja huu, ghorofa ya pili, Upanga,
nikakosa la kukujibu.

Ngoja nijaribu.

Kuna seli hufa kwa adabu.
Hujikunja, hujifunga vifurushi vifurushi,
kama mpangaji anayehama usiku
asimwamshe mwenye nyumba.
Wafagiaji hupita, humeza kilichobaki,
mtaa haujui kwamba pana pengo.
Kifo hicho saratani hukikwepa.
Na huku inakikwepa, inanyamaza.
Ilikaa kwenye titi lako miezi kumi na minne,
ikisalimia walinzi, ikiitikia hodi,
imevaa sura yako, Mwajabu binti Kondo,
nani angeishuku?

Ila kipo kifo kingine.
Kisu kimo ndani ya seli yenyewe:
protini iliyolala, imefungwa kamba.
Ikifika dawa, au kijidudu, kamba inakatwa,
nusu ya protini inakimbilia ukutani
na kutoboa, na kutoboa,
matundu kama ya chekeche.
Maji yanaingia. Seli inaumuka kama andazi mafutani,
inapasuka,
na vyote vilivyokuwamo vinamwagika nje vikipiga yowe:
Mwizi! Jamani, mwizi! Yumo humu ndani!

Taa zinawaka. Makomeo yanafunguliwa.
Askari wa mwili waliokuwa wakiupita uvimbe
kama wanavyopita kibanda kilichofungwa
wanageuka, wanauona.
Hilo ndilo tunalolitafuta, mama:
si saratani ife tu,
ife ikipayuka.

Ukafumba macho. Nikadhani umelala.
"Unamkumbuka Mwinshehe?"

Namkumbuka. Mtoto wa Bi Sikudhani,
aliyepita uchochoroni kwetu saa nane za usiku
akimtafutia mdogo wake panadoli,
usiku ule yowe lilipopigwa nyumba ya nne.
Mtaa mzima ulitoka. Matofali. Tairi.
Mwizi mwenyewe alikwishavuka bonde la Msimbazi.

"Yowe halichagui," ukasema.
"Linamwita kila mwenye fimbo."

Darasa la nne hukulimaliza,
na umefika pale Dokta Mrosso anapofika
kwa slaidi arobaini na chupa mbili za maji:
mwako usiozimwa hugeuka mbolea,
kidonda kisichopoa huulisha uvimbe,
na dawa inayozipasua seli za saratani
huzipasua na zisizo na kosa.
Ndiyo hivyo vidonda vya mdomoni,
ndiyo uji unaounyonya kwa mrija,
ndiyo homa ya Jumanne iliyokufanya umwite marehemu baba
umwambie afunge dirisha.

"Sasa nyie wasomi," ukauliza,
"mmeshampata wa kuwaambia watu warudi majumbani?"

Bado, mama.
Wapo wanaohangaika yowe lisikike chumba kimoja tu,
wapo wanaopima ni kelele kiasi gani zinatosha.
Panya wengine wamepona. Panya.

Muuguzi akaja kubadili chupa. Ukamwomba chumvi.

Jambo moja sikukuambia.
Katika vipande vya jana kimoja kilikuwa na namba yako.
Nilimpa Eliuteri akikate, mkono wangu haukutulia,
lakini kukitazama nilikitazama.
Pembezoni mwa uvimbe niliona vidoto vya zambarau,
wachache, wamesimama kama watu waliotoka barazani
na kanga mabegani, wanasikiliza.

Nimekaa na darubini hadi mlinzi akagonga mlango.
Sijui kama walikuwa wanakuja
au ndio walikuwa wanarudi kulala.